Shajara ya mradi: kutafuta kani za sumakuumeme na msukumo wa mwanga kwa tensa ya mkazo

Januari 6. Ninachotaka kujenga

Nataka programu ndogo ambayo nikiipa uga wa umeme na uga sumaku kwenye uso unaokizunguka kitu, inanirudishia kani inayokisukuma kitu hicho. Isiniulize ndani mna nini, chaji ni ngapi, mkondo unapita wapi, wala chuma ni cha aina gani. Tensa ya mkazo ya Maxwell, jedwali la namba tisa linaloonyesha uga unavuta na kusukuma kiasi gani kila upande, inaweza kazi hiyo, na tangu nilipoielewa sijaacha kuistaajabia: habari yote ya kani inapatikana kwenye nafasi tupu inayokizunguka kitu.

Fomula ninayoitumia, kwa ombwe:

T_ij = ε0 (E_i E_j − ½ δ_ij E²) + (1/μ0)(B_i B_j − ½ δ_ij B²)

E ni uga wa umeme, B ni uga sumaku, ε0 na μ0 ni namba thabiti za ombwe, i na j ni pande za x, y na z, na δ_ij ni 1 i na j zikiwa sawa, vinginevyo 0.

Ukitaka kuiona kwa macho ya akili, fikiria mistari ya uga kama mipira iliyovutwa. Kila mstari unavuta kwa urefu wake na kuwasukuma jirani zake kwa ubavu. Kiasi cha kuvuta na cha kusukuma ni kilekile: ½ε0E² kwa umeme, B²/(2μ0) kwa sumaku. Uga ukiwa wima kwa uso, uso unavutwa. Ukilala juu ya uso, uso unasukumwa.

Kani ni jumla ya T·n juu ya uso uliofungwa (n ni mwelekeo wa kutoka nje, wima kwa uso), ukitoa kasi ya mabadiliko ya momenta, yaani kiasi cha mwendo, ya uga uliomo ndani. Sehemu hiyo ya pili haipo kwa uga uliotulia, na kwa wimbi lililokwisha kutulia inakuwa sifuri ukichukua wastani wa mzunguko mzima. Neno "mzunguko mzima" litanigharimu huko mbele.

Naandika kwa Python. Gharama nitazihesabu kwa jioni nilizotumia na kwa kumbukumbu ya kompyuta, maana ndizo atakazohitaji kuzijua anayetaka kurudia kazi hii.

Januari 11. Chaji mbili, na bamba lililokatwa mapema

Nimeanza na swali lenye jibu lisilo na ubishi: chaji mbili za mikrokulombi 1 kila moja, umbali wa mita 1. Sheria ya Coulomb inatoa 8.99 mN (milinewtoni).

Badala ya kuifunga chaji moja ndani ya sanduku, nilichukua bamba la kufikirika katikati ya chaji hizo mbili. Bamba lisilo na mwisho linatosha, kwa kuwa ukilifunga kwa nusu tufe kubwa upande mmoja, mchango wa nusu tufe hiyo unafifia kadiri unavyoipanua. Chaji zikiwa sawa, uga wote kwenye bamba umelala juu yake, kwa hiyo ni shinikizo tupu.

Jibu la kwanza: 7.96 mN. Pungufu kwa asilimia 11.4.

Jioni nzima nilikagua ishara za kujumlisha na kutoa, nikakagua thamani ya ε0, nikahesabu tena vipengele vya tensa kimoja kimoja kwa mkono. Vyote vilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja ambao sikuutilia shaka: bamba langu nililikata kwenye nusu kipenyo cha mita 2, nikidhani kwamba mara nne ya umbali wa chaji hadi bamba ni mbali vya kutosha. Si mbali hata kidogo. Uga unapungua kwa r², kipeo chake cha pili kwa r⁴, lakini eneo la kila pete linaongezeka kwa r, kwa hiyo kinachobaki nje ya ukingo kinapungua polepole, kwa R² tu. Kwenye mita 5 nilipata 8.81 mN, bado pungufu kwa karibu asilimia 2. Kwenye mita 20 ndipo upungufu ulifika asilimia 0.125.

Dawa haikuwa kulirefusha bamba. Niliweka r = a·tan θ, ambapo a ni nusu ya umbali kati ya chaji, na hesabu yote ikawa ya sin³θ·cosθ kuanzia sifuri hadi nyuzi 90. Ukomo wote umeingia ndani ya pembe moja. Kwa vipande 40 tu vya kanuni ya Simpson ya kujumlisha eneo chini ya mchirizo, jibu linalingana na Coulomb kwa tarakimu sita.

Kisha nikaizungushia chaji moja sanduku, nikalisogeza mara tatu bila kuiacha chaji itoke wala kuingiza ile ya pili. Majibu matatu, kani ileile. Hili nimelifanya kanuni ya mradi: kila jibu lazima lisimame hata uso ukihamishwa. Likiyumba, kosa ni la hesabu, kwa sababu kitu hakijui nimechora sanduku langu wapi.

Gharama: jioni tatu, mbili kati yake kwa lile bamba.

Januari 18. Kapasita, kwa ufupi

Bamba mbili za sentimita 10 kwa 10, pengo la milimita 1, volti 1,000. Uga ni 10⁶ V/m, mvuto ni 4.43 Pa, kani ni 0.0443 N. Tensa ilitoa jibu hilo mara ya kwanza. Mwenzangu aliyekuwa akifuatilia alipata mara mbili yake, 0.0885 N, kwa kuzidisha chaji ya bamba kwa uga wote wa pengo. Nusu ya uga huo ni wa bamba lenyewe, na bamba halijivuti. Tensa haikuhitaji kukumbushwa hilo.

Nilipokuwa hapo nikalinganisha nguvu za uga hizi mbili. Hewa ya kawaida hupasuka kwa cheche karibu na 3 × 10⁶ V/m, na hapo mvuto wa umeme ni 40 Pa hivi. Uga sumaku wa tesla 1, ambao chuma cha kawaida huubeba bila shida, unavuta kwa takriban 398,000 Pa. Tofauti ni ya mara elfu kumi, na hesabu hii moja inatosha kuonyesha kwa nini mota za kazi nzito huzungushwa kwa sumaku.

Februari 8. Sumaku juu ya mizani

Sikutaka kuendelea na namba za kompyuta peke yake bila kugusa kitu. Nikachukua sumaku ya neodimi, kisahani cha kipenyo cha mm 20 na unene wa mm 10, yenye uga baki (uga unaobaki ndani ya sumaku yenyewe) wa tesla 1.28. Nikaifunga chini ya boriti ya mbao. Chini yake nikaweka bamba la chuma la mm 150 kwa 150, unene mm 10, juu ya mizani ya kidijiti. Pengo kati ya sumaku na chuma: mm 20. Sumaku ikivuta bamba juu, mizani inasoma pungufu, na upungufu huo ndio kani.

Makadirio ya haraka kwa kuichukulia sumaku kama nukta yenye ncha mbili, pamoja na taswira yake ndani ya chuma (sumaku ya kufikirika upande wa pili wa uso wa chuma, kama sura kwenye kioo), yalitoa 0.98 N, yaani gramu 100. Programu, kwa sumaku yenye umbo lake kamili na uso uliopita hewani kati ya sumaku na chuma, ilitoa 0.86 N, gramu 88. Tofauti hiyo ni ya kweli: kisahani kipana si nukta.

Mizani ilisoma pungufu kwa gramu 131.

Nikaondoa bamba, nikaacha mizani tupu chini ya sumaku. Ikasoma namba ambayo haikupaswa kuwepo, na nilipoisogeza sumaku kando, namba ikacheza. Ndani ya mizani mna vipande vya chuma, na sumaku ilikuwa inavivuta hivyo moja kwa moja. Nikainua bamba kwa kipande cha mbao cha sentimita 20, nikapandisha boriti kwa kiasi hichohicho, nikajaribu tena bila bamba hadi mizani ikakaa kwenye sifuri nikiipitisha sumaku juu yake. Baada ya hapo bamba lilipungua gramu 79.

Sasa nilikuwa chini ya jibu kwa asilimia 10. Nikapima pengo upya kwa kalipa, pande nne. Upande mmoja mm 20.2, mwingine mm 21.1, boriti ilikuwa imeinama. Kani inapungua kwa kipeo cha nne cha umbali kutoka kati ya sumaku hadi kati ya taswira yake, kwa hiyo kosa la milimita moja kwenye pengo linakula karibu asilimia 15 ya kani. Nikanyoosha boriti kwa kuiegemeza kwenye vipande vya plastiki vyenye unene mmoja, nikatoa vipande baada ya kukaza. Gramu 86. Hapo nikaridhika.

Februari 15. Uso uliogusa chuma

Kazi hii ni ya kompyuta, lakini inatokana na ile ya mizani. Nilitaka kuhesabu kani hiyohiyo kwa gridi, yaani nafasi iliyogawanywa kwenye vyumba vidogo, bila kutegemea taswira, ili baadaye niweze vyuma vya maumbo yoyote. Nikaulaza uso wa kuhesabia juu kabisa ya ngozi ya bamba, kwa wazo kwamba kani inashika hapo. Majibu kwa gridi tatu zilizozidi kuwa nzito: 0.61 N, 0.70 N, 0.76 N. Hayakutulia.

Sababu iko kwenye mpaka wenyewe. Uga ukivuka kutoka hewani kuingia kwenye chuma unaruka: sehemu ya wima ya B inaendelea, sehemu ya kulala inabadilika ghafla. Gridi haijui kuruka. Inachora mteremko kati ya nukta mbili, moja iko hewani na nyingine ndani ya chuma, kisha tensa inauinua mteremko huo wa uongo kwenye kipeo cha pili. Kwenye kona za bamba hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kwenye kona kali uga wa kweli hauna kikomo na kila gridi inauona kwa ukubwa tofauti.

Niliuinua uso ukapita katikati ya pengo, vyumba kumi kutoka kwenye chuma. 0.84, 0.85, 0.86. Kisha nikafanya jambo ambalo wahandisi wa mota wamelizoea: badala ya uso mmoja, nikachukua tabaka nene la hewa linalolizunguka bamba kama ganda la yai, nikahesabu kani kwenye nyuso nyingi ndani ya ganda hilo na kuchukua wastani. Kelele ya gridi inajifuta yenyewe. Arkkio alitumia wazo la namna hii mwaka 1987 kwa msokoto wa mota, akichukua wastani kwenye pengo lote la hewa. Kwa anayerudia: ganda langu lina unene wa vyumba sita na halisogelei chuma zaidi ya vyumba viwili.

Gharama ya sumaku yote, mizani na gridi: jioni tisa.

Februari 23. Kioo ambacho mwanga haukukisukuma

Sasa mwanga. Nililitarajia sana eneo hili, nalo ndilo lililonikalisha kitako.

Nimetumia gridi ya Yee (njia ya mwaka 1966) kwa mwelekeo mmoja kwanza. Wimbi bapa lenye nguvu ya mwanga wa Jua kwenye umbali wa Dunia, 1,361 W/m², linaloingia wima. Kilele cha uga wa umeme kwa wimbi hilo ni takriban 1,013 V/m. Majibu yanayotarajiwa yanajulikana: kitu cheusi kinachomeza kila kitu kinasukumwa kwa I/c (I ni nguvu ya mwanga kwa kila mita ya mraba, c ni kasi ya mwanga), yaani mikropaskali 4.54, kioo kamili kinachorudisha mwanga wote kwa 2I/c, mikropaskali 9.08. Maxwell alitoa wazo hilo kwenye kitabu chake cha 1873, na lilisubiri hadi Lebedev, kisha Nichols na Hull, walipolipima kati ya 1900 na 1903.

Programu ikachapisha:

kioo: 0.00
cheusi: −4.54e-06

Kioo hakisukumwi hata kidogo, na kitu cheusi kinavutwa kuelekea kwenye taa.

Ingekuwa namba za ovyo ningeshuku gridi. Lakini hizi zilikuwa safi mno. Zote mbili zimepungua kwa kiasi kilekile: 9.08, yaani I/c mbili kwa kila kitu. Sikujiamini. Nikarudia kutoa kwa kalamu. Kioo: 9.08 hadi 0, upungufu 9.08. Cheusi: 4.54 hadi −4.54, upungufu 9.08. Ndiyo, uleule. Kosa lenye ukubwa kamili namna hiyo haliwezi kuwa la makadirio, ni kitu kizima kilichoachwa nje.

Nikachora uga kwenye karatasi. Programu yangu, kama nyingi za aina hii, hutenganisha wimbi linaloingia na wimbi lililotawanywa na kitu. Mimi niliipa tensa wimbi lililotawanywa peke yake. Nilidhani wimbi linaloingia linaingia kwenye sanduku upande mmoja na kutoka upande wa pili, kwa hiyo peke yake halitoi kani, basi naweza kuliacha.

Nusu ya kwanza ya wazo hilo ni kweli. Nusu ya pili inavunjikia kwenye kivuli. Nyuma ya kioo kuna giza, na kwa hesabu ya kutenganisha, giza hilo linapatikana kwa wimbi lililotawanywa kuwa kinyume kamili cha wimbi linaloingia, ili jumla iwe sifuri. Kwa hiyo ukitazama wimbi lililotawanywa tu, mbele ya kioo kuna wimbi linalorudi, shinikizo I/c, na nyuma yake kuna wimbi la kivuli, shinikizo I/c pia. Yanasukumana sawasawa: sifuri. Kwa kitu cheusi, mbele hakuna kitu, nyuma kuna wimbi la kivuli linalosukuma kuelekea taa: −4.54. Programu ilikuwa inajibu kwa uaminifu swali ambalo sikukusudia kuuliza.

Ukijumlisha uga kwanza, mbele ya kioo kuna 2I/c na nyuma hakuna kitu. Tensa imejengwa kwa vipeo vya pili, na kipeo cha pili cha jumla si jumla ya vipeo vya pili. Zile zidisho za wimbi moja na jingine ndizo zinazobeba kani yote hapa. Nimeandika kwa herufi kubwa juu ya faili: JUMLISHA UGA KABLA YA TENSA.

Baada ya marekebisho ya mstari mmoja: cheusi 4.5e-06. Kioo kilikaribia 9, lakini hakikutulia.

Gharama: jioni nne kwa mstari mmoja. Sizijutii.

Machi 2. Nusu chumba

Kwa kanuni ya Januari, nikausogeza uso wa mbele ya kioo chumba kimoja kimoja. Shinikizo likapanda na kushuka kama wimbi, juu na chini ya 9.08 kwa asilimia 16, likijirudia kila nusu ya urefu wa wimbi.

Gridi ya Yee haiweki E na B mahali pamoja. B inakaa nusu chumba pembeni. Mbele ya kioo kuna wimbi lililosimama: pale E inapokuwa kubwa, B ni ndogo, na kinyume chake, na jumla ya vipeo vyao ni ileile kila mahali, ila tu ukivipima kwenye nukta moja. Mimi nilivipima kwenye nukta mbili. Kwa vyumba 20 kwa kila urefu wa wimbi, nusu chumba ni nyuzi 9, na sine ya nyuzi 9 ni 0.156. Asilimia 16 yangu ikajieleza yenyewe.

Nikachukua wastani wa B ya kushoto na ya kulia ili ikae mahali pa E. Mawimbi yakashuka hadi asilimia 1.2. Kwa vyumba 40, asilimia 0.3. Kama ningekuwa nimepima kwenye uso mmoja tu, ningeweza kuangukia mahali ambapo kosa linapita sifuri na kuondoka nikiamini kuwa kila kitu kiko sawa.

Machi 9. Wastani wa muda, na mwanga wa kishazari

Lile neno la Januari, "mzunguko mzima". Nilichukua wastani wa muda kwa hatua 500 za programu kwa sababu ni namba nzuri, na hatua hizo zilikuwa mizunguko 3 na sehemu ya nane. Kipande hicho kilichozidi kinaweza kupotosha wastani hadi asilimia 3.6. Sasa programu inachagua hatua ya muda ili mzunguko mmoja uwe na idadi kamili ya hatua, na inapima kwa mizunguko kamili tu.

Mwanga wa kishazari ulipita bila shida, na hapo tensa inapendeza kuitazama. Kwa nyuzi 45, kioo kinasukumwa wima kwa 2I/c mara cos² ya pembe, yaani mikropaskali 4.54, na hakuna mkwaruzo wa pembeni. Kitu cheusi kwa pembe hiyohiyo kinapata msukumo wa wima wa mikropaskali 2.27 na mwingine wa pembeni wa kiasi hichohicho. Huo wa pembeni unatoka kwenye vipengele vya tensa visivyo vya mshazari mkuu, ambavyo hadi siku hiyo vilikuwa sifuri katika majaribio yangu yote ya mwanga.

Nikapima pia tanga la IKAROS, chombo cha JAXA (shirika la anga la Japani) cha mwaka 2010 kilichosukumwa na mwanga wa Jua. Tanga lake ni la mita 14 kwa 14. Kioo kamili cha eneo hilo, wima kwa Jua, kingepata 1.78 mN. JAXA ilitangaza 1.12 mN. Tanga la kweli si kioo kamili, sehemu yake imefunikwa na seli za jua, na halielekei Jua wima wakati wote. Milinewtoni moja juu ya eneo la mita za mraba 196: uzito wa kama sehemu ya kumi ya gramu. Na chombo kikasogea.

Aprili 5. Tufe, na sanduku tupu

Hatua ya mwisho ya mzunguko huu: tufe la metali linaloakisi, pande tatu kamili. Nimelipenda jaribio hili kwa sababu ya jambo moja. Kwa mwanga wenye wimbi fupi kuliko tufe, tufe linaloakisi kila kitu linasukumwa kwa πR²·I/c, sawasawa na tufe jeusi la ukubwa huo. Mwanga unaogonga katikati unarudi nyuma na kusukuma maradufu, ule unaogonga pembeni unapinda kidogo tu na hausukumi sana, na wastani unaangukia palepale pa cheusi. Tufe langu lina nusu kipenyo cha mawimbi 2, si kubwa vya kutosha kwa kanuni hiyo, kwa hiyo nililinganisha na mfululizo wa Mie wa 1908, hesabu kamili ya mwanga unaotawanywa na tufe, ambao Debye aliutumia mwaka 1909 kwa swali hilihili la msukumo wa mwanga juu ya tufe.

Gridi ya kwanza ilikuwa vyumba 200 kila upande, vyumba 20 kwa wimbi. Milioni 8 za vyumba, vipengele 6, baiti 8 kila kimoja: MB 384. Niliposogea hadi vyumba 40 kwa wimbi, kumbukumbu ilizidi mara 8, zaidi ya GB 3, na muda mara 16. Kompyuta yangu ilielemewa. Nikashusha namba kuwa za baiti 4 na kubaki na GB 1.5.

Kabla ya kuweka tufe niliendesha sanduku tupu, wimbi likipita bila kugusa kitu. Kani lazima iwe sifuri. Nilipata asilimia 1.4 ya shinikizo la wimbi juu ya uso mmoja wa sanduku. Kwa kuwa uso wa sanduku una eneo mara mbili ya kivuli cha tufe, kosa hilo lingekuwa karibu asilimia 3 kwenye tufe.

Nilishawishika kuitoa tu ile asilimia 1.4 kwenye jibu la mwisho, kama mtu anavyotoa uzito wa chombo kwenye mizani. Haifai, kwa sababu ileile ya Februari: uga wenye tufe si uga mtupu ukiongezwa kitu, na kosa lake si kosa lilelile. Ilibidi nitafute chanzo. Vilikuwa viwili. Kwanza, nilianza kupima kabla wimbi halijatulia, momenta ya uga ndani ya sanduku ikiwa bado inaongezeka. Nikasubiri mizunguko 10 zaidi na kosa likashuka hadi 0.4. Pili, nilikuwa najumlisha mamilioni ya namba ndogo kwa baiti 4, na jumla ikikua, tarakimu za mwisho za kila nyongeza zinadondoka. Gridi imebaki ya baiti 4, lakini kapu la jumla sasa ni la baiti 8. Sanduku tupu: asilimia 0.03.

Ndipo nikaweka tufe. Jibu lilizidi Mie kwa asilimia 5. Masanduku matatu ya ukubwa tofauti yalikubaliana kwa asilimia 0.5, kwa hiyo tensa haikuwa na hatia. Aliyekosea ni tufe. Tufe la gridi ni ngazi za vyumba, na nusu chumba kwenye nusu kipenyo cha vyumba 40 ni asilimia 2.5 ya eneo. Nikahesabu vyumba vyote vilivyojazwa, nikapata nusu kipenyo halisi kutokana na ujazo wake, na kulinganisha Mie kwa nusu kipenyo hicho. Tofauti ikawa asilimia 2 kwa gridi nyepesi, na chini ya 1 kwa nzito.

Gharama: jioni kumi na moja, na usiku mbili za kompyuta kufanya kazi peke yake.

Aprili 12. Hali ilivyo kwa anayetaka kurudia

Endesha kwa mpangilio wa shajara hii: chaji, kapasita, kioo cha mwelekeo mmoja, ndipo tufe. Usiruke sanduku tupu. Kwa wimbi, vyumba 40 kwa urefu wa wimbi ndio mwanzo wa majibu ya kuaminika. 20 inatosha kuona makosa makubwa tu. Kila kani ipimwe kwenye nyuso zisizopungua tatu.

Kinachofuata ni chembe ya kioo angavu (glasi) ndani ya maji, kwa mfano wa chembe ndogo ambazo mwanafizikia Ashkin alianza kuzishika kwa leza mwaka 1970. Mwanga wa miliwati 1 ukimezwa wote unasukuma kwa piconewtoni 3.3 tu, na kwa chembe ya mikromita moja hiyo ni kani kubwa. Ugumu ni kwamba uso wangu hautapita tena kwenye ombwe. Ndani ya maji kuna tensa ya Minkowski ya 1908 na hoja ya Abraham ya 1909, nazo hazikubaliani juu ya momenta ya mwanga. Mpango wangu wa kwanza ni kuacha pengo la ombwe la chumba kimoja kuizunguka chembe na kuona pengo hilo lenyewe linaharibu uga kiasi gani. Gridi ya jaribio hilo imeshaanza kukimbia leo.